Kipimo cha Maji ya Kisima

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Mgongo wako je? Na wifi na kichanga chake?

Udongo wako nimeupima. Hapa maabara tunaukoroga uwe tope, kisha tunaumulika kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho. Nitrati, ile chumvi itokayo kwenye mbolea, hufyonza sehemu ya mwanga huo, na mashine inatuambia ni kiasi gani. Baba, shamba limeshiba mbolea. Usiongeze hata konzi moja. Ziada yote inashuka na mvua hadi kisimani.

Maji uliyotuma kwenye chupa yana nitrati mara tatu ya kiwango salama. Nimerudia, na mwenzangu akayapima kwa njia nyingine. Sisi wakubwa hatuhisi kitu, ila kwa mtoto wa miezi miwili damu inaweza kushindwa kubeba hewa. Asikorogewe maziwa ya unga kwa maji hayo. Kuyachemsha hakusaidii, kunazidisha. Mwambie wifi leo hii.

Binti yako

17 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo unauma, nimeuzoea. Mtoto ananenepa.

Barua yako imenikata maini. Kisima kile nilikichimba mwenyewe, marehemu mama yako akivuta ndoo za udongo. Maji yake yamekulea wewe na kaka yako, na mtaa mzima unakuja kuteka. Leo niwaambie nimewanywesha sumu? Mashine nayo hukosea. Nilitaka ushauri wa mboga, si wa kulea.

Mbolea nimeshaweka.

Baba yako

23 Machi

Baba, shikamoo.

Nisamehe kama nimekuvunjia heshima. Simu zangu hupokei, wifi hana simu, na kaka yuko safarini na lori, hapatikani. Sina njia nyingine ila wewe.

Tulipokuwa wadogo ulitia samadi kidogo tu. Maji yale siyo haya. Mtazameni mtoto midomo na kucha. Zikibadilika rangi, mkimbizeni hospitali. Nimeomba ruhusa kazini.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto yuko hai, naanza na hilo.

Barua yako ya pili ilinikuta hospitali. Alikuwa amegeuka rangi ya majivu, midomo ya buluu, na damu waliyomtoa ilikuwa ya kahawia. Daktari akauliza anakunywa maji gani. Kaka yako, aliyekuwa ametoka safari moja kwa moja, akajibu ya kisima, ni masafi. Nikashindwa kunyamaza. Nikatoa barua yako ya kwanza mfukoni nikampa kaka yako.

Akaisoma yote. Akauliza, "Baba, ulijua?"

Nikasema, "Nilijua."

Sindano ilimrudisha mtoto. Kisima nimekifunga kwa kufuli, na kila nyumba yenye mtoto mchanga nimeisomea barua yako, nikaieleza na majibu niliyokupa.

Kaka yako na wifi wamehamia kwa wazazi wa wifi. Ukipata ruhusa, fikia kule kwanza, umpakate mtoto. Kaka yako akinitaja, usinitetee.

Baba yako