Mto Umefika Jikoni

Kaka yangu Mofiz,

Salamu kutoka chuoni Rajshahi. Natumaini kazi ya ujenzi huko Malesia haikumalizi. Mimi mzima, ila dengu za bwenini bado ni maji matupu, na hamu ya kukuona hainiishi.

Juzi sisi wanafunzi tuliitisha mkutano kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mwalimu akauliza nani ameyaona kwa macho yake. Rafiki yangu Tultul akanisukuma. "Si wewe mtu wa kisiwa cha Bhola? Sema basi, au umemeza ulimi?"

Nikasimama. Mwalimu akaniuliza, "Kwenu ni mbali na mto?"

"Zamani palikuwa mbali. Sasa mto umefika jikoni."

Wakacheka, wakidhani natania. Nikawaeleza yote. Nilipoketi nikaona aibu, Kaka, kwamba watu baki wanajua na wewe hujui.

Mama alinikataza kukuambia. Nyumba ilikwenda na maji mvua hizi. Kaburi la Baba lilitangulia. Mama alikaa pale huku ardhi ikimeguka, mpaka Mjomba akamvuta kwa nguvu. Sasa wanaishi kibandani juu ya tuta la kuzuia mafuriko. Kila ukipiga simu Mama anakwambia yuko uani anaanika pilipili. Nikimlaumu ananijibu, "Mwache mwanangu ajue ana pa kurudi."

Ukija, usiitafute nyumba. Nitakuwa nimesimama gatini. Utafute uso wangu.

Mdogo wako anayekungoja,
Rokeya