Chuma cha Kupondea Mawe

Kharumwa, Jumanne mchana

Dada Mama Neema, shikamoo. Simu yako haipatikani tangu asubuhi, kwa hiyo kadi hii anakuletea dereva wa lori anayekwenda Isaka. Isome ukiwa mbali na jiko.

Wachimbaji wa huku wamefukua mabaki ya ndege ya zamani ya kijeshi. Leo nimekuja na fundi kutoka makumbusho ya ndege yaliyoko kwenye kisiwa kimoja ili ayatambue. Tulimkuta Mama Kulwa akiponda mawe ya dhahabu juu ya chuma kinene kilichotoka shimoni humo. Fundi alipokuwa akikagua shimo, mimi nilikalia ncha ya chuma hicho, nikila michembe, vile viazi vitamu vikavu, ya mama huyo.

Fundi aliporudi, Mama Kulwa aliweka nyundo chini, akapiga goti kumwamkia. Fundi alikuwa anatazama chuma.

"Mama, usiishike tena hiyo nyundo. Hilo ni bomu, na halijalipuka."

"Acha utani, baba! Nimeligonga mwezi mzima!"

"Basi Mungu anakupenda. Ondokeni polepole."

Tuliondoka.

Dada, kile chuma kidogo unachopondea karanga nilikipata kwenye shimo hilihili mwaka jana. Usikiguse, usikihamishe. Watoe watoto, nendeni kwa shangazi, uwaite polisi. Nakuja leo. Nakupenda sana. Karanga tutanunua zilizosagwa.

Mdogo wako,
Masanja