Marehemu Mama Yangu Ameridhia Mradi

Mshauri, pokea shikamoo yangu, na kama u mdogo kwangu basi pokea ndaga tu, salamu ya kwetu, naomba unisaidie maana tangu Jumatano mikono yangu haishiki udongo vizuri. Mimi ni mfinyanzi, naishi kijiji cha ufukweni huku Kyela, vyungu vyangu vinauzwa gulioni Matema, na mume wangu ndiye mwenyekiti wa kijiji, wote humwita baba Mercy, mtu ambaye kwa miaka ishirini na mbili sijawahi kumkuta na uongo.

Mwaka huu amekuja mwekezaji anayetaka kujenga gati na maghala ili mchele na kokoa vipakiwe kwenye meli, na eneo alilolipenda ni palepale tunapochimba udongo, penye matete, mto unapoingia ziwani na samaki wetu mbasa wanapopita kwenda kutaga. Sikupinga, mshauri, kwa sababu masika barabara yetu haipitiki na vijana hawana kazi, ila tulisikia kwamba sheria inataka wananchi tuulizwe kwenye mkutano mkuu, wataalamu wapime madhara, na ujenzi ukae mita sitini kutoka majini, nikangoja mkutano niulize swali moja tu, je, hawawezi kusogea nyuma kidogo. Mkutano haukuitishwa.

Basi Jumatano tuko shimoni tunachimba, akaja dada mmoja afisa mazingira, Georgina, mgeni wa mkoa mwingine, katumwa kuhakiki. Akasema, "Mama zangu, huu ni muhtasari wa mkutano wenu wa kuridhia mradi. Nitasoma majina, mwenye jina aitike."

Akamsoma jirani yangu Neli, naye akaitika huku ameduwaa, akasoma langu, nikaona mbele yake pamepigwa dole gumba na mimi kuandika najua. Kisha akasoma, "Tusajigwe Mwaipopo."

Mshauri, huyo ni mama yangu mzazi. Tulimzika mwaka juzi. Wenzangu wote waliacha majembe wakanitazama, na yule dada akauliza kwa upole, "Bibi hayupo?" Na mimi, Mungu anisamehe, sijui ulimi ulitoka wapi, nikasema, "Ametoka kidogo, yuko shamba." Akatia tiki, akaendelea.

Nilifika nyumbani, nikamuuliza mume wangu, naye hakukana. "Nilinakili daftari la zamani la wakazi," akasema. "Ningewaita mngebishana miezi mitatu, mwekezaji ahamie kijiji kingine. Au unataka vijana wetu waendelee kwenda Njisi kubeba mizigo ya watu mpakani?"

Nikamwambia, "Umemwandika mama."

"Sikuona," akasema. "Naapa sikuona." Nikamtazama usoni nikajua ni kweli hakuona, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Alhamisi ijayo afisa anarudi kwa kikao cha mwisho. Nikisema ukweli, mume wangu atavuliwa uongozi, labda na kushtakiwa, na mradi tunaouhitaji utaondoka. Nikinyamaza, matete yatafyekwa na udongo wetu utafukiwa. Nifanye nini?

Mfinyanzi, Kyela (majina yote tumeyabadilisha)

JIBU

Mama, barua yako niliirudia, maana mara ya kwanza nilidhani macho yamenidanganya. Miaka kumi na moja nashauri watu kuhusu ndoa na mirathi, sijawahi kukutana na marehemu aliyeridhia ujenzi wa ghala. Pole sana. Lakini pole yangu iishie hapo, kwa sababu mumeo alimwandika mama yako kwa uzembe, wewe ukamtuma shamba kwa kusudi.

Unadhani unachagua kati ya kazi za vijana na udongo wako. Nani kakuambia? Sheria ya kuitisha mkutano na kupima umbali haikutungwa ili maghala yasijengwe. Ilitungwa ili lile swali lako moja liulizwe kabla tingatinga halijafika. Huenda mwekezaji angekubali kusogea siku ileile. Hatujui, kwa kuwa mumeo alikijibia kijiji kizima, walio hai na waliolala. Na wavuvi wa mbasa, wao si vijana wenye kazi?

Mwambie leo aende mwenyewe kwa afisa kuuondoa muhtasari ule. Anayekiri hutazamwa tofauti na anayefumaniwa, ila usimdanganye kwamba hataadhibiwa. Asipokwenda, simama kikaoni wewe na Neli, mtaje jina na mwaka mliomzika. Kisha daini mkutano wa kweli, mita zipimwe mbele ya macho yenu, na shimo la udongo na njia ya mbasa viandikwe kwenye masharti ya kibali. Ahadi ya mdomo haimfungi mwekezaji.

Kwa kuwa Alhamisi ilikuwa karibu kuliko gazeti, haya yote nilimsomea mwandishi wa barua kwa simu. Ijumaa akaniletea ujumbe, nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Hakwenda kwa afisa. Lakini kikaoni aliponiona nasimama aliniambia, 'Kaa, mama Mercy,' akasimama yeye, akasema yote, hata la mama. Nami nikamwomba dada Georgina radhi mbele za watu. Muhtasari umefutwa, mkutano mpya ni baada ya wiki tatu, uongozi wake utaamuliwa wilayani. Mwekezaji hajaondoka, ameomba aonyeshwe eneo la nyuma, upande wa juu wa barabara. Baba Mercy hajasema nami neno tangu jana."

Atasema, mama, siku yake ikifika. Mkutano ukiitwa, kaeni mbele wewe na wenzako. Na nyumbani mpakulie kama kawaida, lakini usimwombe msamaha.