Hatua Ambazo Sikuzitembea

Kamembe, Rusizi
19 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Teta,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Namur, wewe na mume wako Nshuti, na kwamba baridi imewaachia kidogo. Je, unakula vizuri, au unahangaikia miili ya wengine tu na hayo mazoezi unayofundisha? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu. Mvua imekatika, vumbi limerudi, na cherehani yangu bado inalia palepale mbele ya duka la Mzee Ndagijimana.

Utashangaa kupata karatasi wakati tunaonana kwenye simu mara tatu kwa wiki. Kwenye simu mimi ni mwongo, Teta. Nimejaribu mara nne kukueleza haya kwa mdomo, na kila mara nikaishia kukuuliza habari za hali ya hewa. Kwa hiyo naandika, na Reine, binti wa jirani yetu Donatien, atakuletea barua hii akisafiri Jumatatu.

Ile saa ya kuhesabu hatua uliyonitumia baada ya Idi el-Fitri, nimeivaa siku kumi na saba tu.

Mwanzoni nilikuwa mkweli. Daktari alipotaja presha yangu, na wewe ukafungua lile kundi la mazoezi la familia, niliapa kutokosa hata siku moja. Baada ya swala ya alfajiri nilitembea mpaka uwanja wa mpira na kurudi. Jioni niliweka simu juu ya meza ya kukatia nguo, nikawa nainuka na kukaa kwenye kiti kama ulivyotuongoza kwenye video, wateja wakinicheka. Kisha zikaja nguo za harusi, ishirini na mbili kwa mpigo. Siku moja niliketi kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni. Nikawaza utakavyosoma sifuri yangu mbele ya ukoo mzima, na mimi ndiye mjomba pekee uliyebaki naye.

Unamkumbuka Gracia, yule mama wa Bukavu anayevusha nyanya kwa miguu kwenye daraja la mpakani, akienda na kurudi mchana kutwa? Kesho yake nilimfunga ile saa mkononi. Siku moja tu, nilimwambia. Jioni akanirudishia ikiwa na hatua elfu kumi na nane, nikazipeleka kwenye simu. Wewe ukaandika kwenye kundi kwamba mjomba wako ni chuma. Baada ya sifa hiyo nani angerudi kwenye sifuri? Nikamfunga tena, na tena, wiki tano. Gracia mwenyewe alinionya: "Papa Ridhwani, siku moja batakuomba utembee mbele ya bantu. Utafanya je?" Nikamshonea blauzi ili anyamaze.

Na zile jioni nilizofunga kamera nikisema rezo ya simu, mtandao, ni mbaya, rezo ilikuwa nzuri kabisa. Nilikuwa nimeketi na sambusa mkononi. Ukisema tuongeze kumi, nahema karibu na simu. Kuhema kwenyewe hakukuwa kwa uongo, maana nimenenepa.

Mambo yangeishia hapo, ningekwenda nayo kaburini. Lakini mama yako alikuwa anasoma. Dada yangu Mwavita, na miaka yake sitini na saba, kila jioni huko Rwimbogo alisoma hatua za mdogo wake na kujiona mzembe. Mara mbili ulimwambia mbele ya kundi amtazame mjomba. Hukujua, usijilaumu. Akaanza kupanda na kushuka kile kilima cha mashamba mara tatu kwa siku ili anifikie. Wewe uliambiwa aliteleza akienda kuchota maji. Maji hayakuwamo, Teta. Alianguka akizifuata hatua za Gracia.

Nilikwenda kumwona. Goti limefungwa bendeji, uso umesinyaa. Akanishika mkono, akasema: "Unisamehe, ndugu yangu. Miye niko muvivu, nilishindwa kukufata. Weye uko mwanaume kweli." Dada aliyenibeba mgongoni aliniomba mimi msamaha. Nikamwambia atapona. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikarudi mjini, na nilipofika nikawaandikia kwenye kundi kwamba saa imeharibika. Naona haya, mpwa wangu, hata kuandika sentensi hii naona haya.

Juzi ametuma ujumbe kwamba goti likipoa kidogo ataanza upya, nisimwache nyuma. Hapo ndipo nilipokata shauri, kwa sababu akianguka tena huenda asiinuke. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu mwingine aliitembea kwa niaba yangu.

Bahasha siifungi. Jumapili nitaipeleka kwa mama yako, aisome mbele yangu, kisha aandike neno chini kwa mkono wake. Ikikufikia bila neno hilo, ujue nimekimbia tena. Mpigie wewe mwenyewe umwambie. Usinitoe kwenye kundi. Niandikie sifuri, nitaanzia hapo.

Mke wangu Mukabalisa anakusalimu. Alijua yote, na tangu dada aanguke hanisemeshi ila kwa chakula. Nisalimie sana Nshuti. Mungu akulinde ugenini, akuzidishie subira na wazee wa namna yangu.

Mjomba wako aliyekudanganya na bado akupendaye,
Ridhwani

Teta mwanangu,
Nimeisoma mara mbili. Yeye amekaa kwenye kibao, anaangalia chini. Goti ilikuwa inaniuma, sasa ni roho ndiyo inauma. Siwezi kumusamehe leo. Nimemuambia kila Jumapili akuye hapa kwa miguu toka kwenye lami, bila moto, mpaka siku nitamusamehe. Amekubali. Bahasha nimefunga miye mwenyewe, hataona maneno haya. Usimuambie, lakini nitachelewa sana kumusamehe. Daktari wake alisema atembee mwaka muzima.
Mama yako