Mjomba Aliyeongeza Kinga

Mshauri mpendwa, nishike mkono kabla dada yangu hajanishika shati,

Mimi ni fundi wa mageti, na nikisema fundi namaanisha fundi, geti nililochomelea liligongwa na lori na lori ndilo lililopelekwa gereji, shule niliiacha njiani lakini akili nilitoka nayo, sasa binti wa dada yangu anaumwa lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe, umempiga kwenye figo, akapewa vidonge vya kutuliza hiyo kinga, basi nikamsindikiza kliniki, daktari akasema damu yake ina upungufu mkubwa wa protini za komplimenti, ambazo ni askari wa kinga, nikashtuka, jamani, askari wamepungua halafu mtoto anapewa vidonge vya kuwapunguza tena? Nikamwambia, "Weka kando hivyo vidonge," nikamchemshia mizizi yangu ya kuongeza kinga, ile iliyonitoa homa iliyowashinda madaktari watatu, akaniuliza, "Mjomba, una uhakika?" nikamjibu, "Mimi nikikosea, jua litachomoza jikoni," naye akanywa, maana tangu utotoni ananiamini kuliko redio, na dada akaisifu mizizi mbele ya ukoo hadi nikavimba kichwa, ila sasa anayevimba ni mtoto, uso na miguu, mkojo una povu kama umetiwa sabuni, mama yake anadhani ni ugonjwa tu, habari ya vidonge hajui, kliniki ni wiki ijayo, je, niseme niaibike, au nimrudishie vidonge kimyakimya mambo yajinyooshe?

Mjomba Chuma

*

Mjomba Chuma,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya wapenzi wote waliogombana wiki hii. Lori nimelimeza. Jua la jikoni pia nimelimeza. Mizizi imenikwama.

Swali lako halikuwa la kijinga, ndugu yangu. Ujinga ni kujijibu mwenyewe na daktari umekaa naye meza moja! Sasa sikiliza. Komplimenti ni protini za damu zinazoamshana, moja ikiiamsha nyingine, hadi adui atobolewe. Kwa binti huyu, kinga imezidhania figo kuwa adui, na komplimenti zinamiminika huko kuharibu vichujio vyake mwenyewe. Zimepungua kwenye damu kwa sababu zinateketea vitani. Askari hawaonekani lindoni maana wako ndani kwa mwenye nyumba, wanavunja vyungu. Vidonge vilikuwa vinawatuliza, wewe ukaviondoa, kisha ukawapikia chai.

Na hilo povu ni protini inayovuja. Figo zina adabu mbaya: zinakufa bila kupiga kelele.

Kwa hiyo kiburi kifungie kwenye sanduku la vifaa. Mizizi basi, hata tone. Vidonge usimrudishie kwa kukisia. Daktari ndiye atakayepanga dozi. Wiki ijayo ni mbali. Funga karakana leo, mchukue binti na mama yake, beba vidonge na chupa ya mizizi, mwende hospitali. Dada yako mwambie wewe mwenyewe, kabla hamjatoka nyumbani. Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Mbele ya daktari usianze hadithi ya homa. Sema, "Nilimwachisha dawa, nikampa hii," kisha unyamaze, kazi ambayo najua itakutoa jasho kuliko geti la chuma.

Binti naye umwombe radhi, kwa maneno, si kwa soda.

Bado unasoma? Inuka.