Maharage ya Pande Mbili za Ua

Jumatatu, 6 Machi

Vidukari. Asubuhi nimegeuza jani moja la haragwe — chini yake weusi tupu, wamebanana kama masizi ya sufuria. Mistari saba kati ya kumi na miwili. Na ndiyo kwanza maua yanaanza kufunga.

Nimekwenda duka la pembejeo. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akanipa dawa ya pareto. Alipofungua sanduku harufu ikanifikia, nikabaki nimeduwaa pale kaunta. Nyuma ya nyumba hii hii. Mkeka, maua meupe ya pareto ya baba yamekauka juu yake, mimi na kaka tunayageuza huku tunapiga chafya kwa zamu. Baba anatuhesabia. Mama anacheka dirishani mpaka anashika mbavu.

Yule mama aliniuliza mara mbili kama nataka chupa kubwa au ndogo. Ndogo.

Jumanne, 7 Machi

Nimepiga saa saba mchana. Bomba la mgongoni zito kuliko nilivyodhani — miaka thelathini ya kupiga chapa barua za ofisi haikunipa mabega. Wadudu walianguka chali mbele ya macho yangu. Nimeoga, nimelala kwa raha zangu.

Jumatano, 8 Machi

Wamerudi. Wengine nadhani hawakufa kabisa, walilewa tu.

Alhamisi, 9 Machi

Nilirudi dukani nimevimba kwa hasira. Nikasema dawa ni maji. Yule mama hakubishana, aliniuliza tu nilipiga saa ngapi, akatikisa kichwa. Kumbe jua ndilo linaloimaliza, saa chache tu haina nguvu tena. Na haiui mdudu asiyeguswa nayo. Mimi nilirashia juu ya majani, wao wamejificha chini, kivulini, wananicheka. Nipige jua likishapoa na nyuki wameshaondoka kwenye maua. Pua ya bomba itazame juu, toka chini ya jani. Nichanganye ya kutumia siku hiyo tu, kwa kipimo cha kibandiko.

Haya yote baba aliyajua bila kibandiko. Alikuwa akikaa kwenye kizingiti jioni, glavu magotini, anangoja. Sisi tukidhani anapumzika.

Jumamosi, 11 Machi

Jana jioni nimepiga kama nilivyofundishwa. Leo nimepita mstari kwa mstari. Safi! Nimewatafuta walio hai kwa miwani ya kusomea, nimepata wanne.

Jumapili, 12 Machi

Mistari mitatu ya karibu na ua unaotenga shamba langu na la kaka ina vidukari wapya. Wana mabawa. Nimechungulia upande wa pili: maharage ya kaka yamejikunja kama karatasi iliyolowa. Hajapiga chochote.

Basi. Dawa hii haikai kwenye jani kulilinda. Nikipiga leo, wa kwake watahamia kwangu kesho. Labda tupige siku moja, pande zote mbili.

Na hatujasemeshana miaka minne.

Siku tulipomzika mama, kaka alifika kaburi limeshafukiwa. Nikamwambia mbele ya watu, umekuja kuangalia udongo? Aliweka begi chini. Akaliokota tena, akaondoka. Nilijiona nimesema kweli. Mama alimwita siku tatu nzima, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Lakini sauti niliyoitumia ile — siipendi hata nikiikumbuka.

Jumatatu, 13 Machi

Nimemvizia wifi kwenye bomba la maji. Nilitaka anipelekee ujumbe. Amenisikiliza, akajitwika ndoo yake, akasema yeye amebeba maneno yetu miaka minne, shingo imechoka. Niende mwenyewe.

Jumanne, 14 Machi

Nimekwenda. Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono ameikunja kwapani. Amezeeka. Ana mvi kule kule baba alikoanzia.

Akauliza nimefuata nini. Nikamwambia vidukari wangu na wake ni ukoo mmoja, inabidi wazikwe siku moja. Alicheka kwa pua. Nikaona nisipoyasema hapo sitayasema tena.

"Kaka, nilikukosea siku ya mazishi."

Aligeukia maharage yake. Nilianza kutafuta njia ya kutokea.

"Njoo kesho saa kumi na moja jioni," akasema. "Beba maji ya kwenu. Ya kisima changu yana magadi, yanaharibu dawa."

Ya kwenu. Hii nyumba ni yake pia.

Jumatano, 15 Machi

Nimekuja na daftari kwa ajili ya vipimo, naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Upande wangu tumemaliza. Wake bado mistari minne. Amekwenda kuchukua dumu la mwisho la yale maji niliyoyaleta.

Tulipoanza alisema mimi nibebe bomba, yeye atanishikia majani. Nilishangaa. Tukiwa watoto bomba lilikuwa lake, ole wako uliguse. Mimi ndiye niliyekuwa naenda mbele nimeinama, nainua majani, yeye nyuma ananisimanga kwamba natembea kama bata. Leo nimemwambia yeye ndiye bata. Alicheka kweli, cheko lile la zamani, mpaka wifi akatoka mlangoni kutazama.

Kisha nikaona glavu zake. Jani lilikuwa linatikisika na upepo hakuna. Akalishika kwa mkono wa pili ili litulie, na huo nao ukatikisika. Nikapiga dawa, tukasogea shina linalofuata. Tukamaliza mashina mengine matano hivi. Halafu nikauliza ni baridi? Akasema ni baridi. Jasho linamtoka usoni.

"Imeanza lini, kaka?"

Aliinua jani jingine. Akangoja nipige. Sikupiga.

"Mama alikuwa bado hai," akasema. "Yeye alijua. Nilimwomba asikwambie. Na siku ya mazishi, ndiyo iliyonichelewesha."

Akaenda kuchukua dumu la mwisho.

Sasa anarudi. Amelikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, anatembea polepole ili asimwage, na wifi mlangoni ananitikisia kichwa nisiende kumpokea, nimwache alifikishe mwenyewe —