Mrututu Alioumwaga Lazaro

Mwanza,
Jumatano (Anna anasema ni Alhamisi)

Mdogo wangu mpendwa Ruth, mama Neema,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti halikusumbui sana na baridi ya huko. Kahawa zimeshaiva? Mahindi mmevuna au mvua iliwakatisha? Na shemeji Lazaro hajambo?

Mstari huo wa mwisho nimeuacha makusudi. Nilipokuwa nauandika, mwanangu Anna alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha uji. Akasema taratibu, "Baba, shangazi Ruth ni mjane. Ni miaka mingi sasa." Nilitaka kuufuta, kisha nikaona niuache ili ujue hali ya mtu anayekuandikia. Ndivyo nilivyo. Asubuhi najua kila kitu, mchana namuuliza marehemu hali yake. Juzi miwani yangu ilikutwa ndani ya ndoo ya unga. Mkono unatetemeka, kwa hiyo naandika kwa penseli kwanza, halafu napitisha kalamu juu yake. Daktari wa hapa hakunizungusha: moyo umechoka, na kichwani kuna ugonjwa wake mwingine. Hakutaja miezi, nami sikumuuliza.

Nakuandikia kwa sababu ya mbwa.

Nyumba ya Anna haiko mbali na ziwa. Kuna mahali maji yameingia kidogo nchi kavu, hayatembei, na wakati wa joto huwa ya kijani kabisa, mazito, kama mtu aliyemwaga rangi ya kupakia milango. Wiki iliyopita, au ile ya kabla yake, nilikuwa nimekaa nje nikiota jua. Mbwa wa jirani akaingia majini, akatoka, akakaa kujilamba manyoya. Baada ya muda mfupi ngozi yake ikaanza kucheza kama ya mnyama anayefukuza nzi, na nzi hakuna. Akasimama, miguu ya nyuma ikamwacha. Kifua kikawa kinatafuta hewa, macho yake yakiwa wazi kabisa, yakinitazama. Akafa.

Anna anasema nilipiga kelele nikimwita mbwa yule "Bahati". Mbwa huyo hakuitwa Bahati. Wewe unamjua Bahati ni nani. Alikuwa maksai wa kulia wa mume wako, yule mwekundu, aliyekufa vilevile pale bwawani kwetu.

Ruth, tafadhali kaa chini kama umesimama.

Unakumbuka mwaka ule kahawa ilizaa mpaka matawi yakalala. Kila nyumba ilikuwa inamenya kahawa usiku na mchana, na maji ya kuoshea pamoja na maganda yalishuka yote bondeni hadi bwawani. Yakaongezewa mbolea iliyosombwa na mvua mashambani. Kufikia kiangazi bwawa lilikuwa la kijani. Watu wakaja kwangu. Mimi nilikuwa bwana mifugo, msomi wa ukoo, mzee wa kanisa kabla hata ya mvi. Wakasema, "Maji yananuka, ng'ombe wanasitasita. Tufanyeje?"

Nilimwita Lazaro nyuma ya ghala langu. Nilimpa kiroba cha mrututu, ule ule wa buluu tunaoupulizia kahawa dhidi ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda. Nikamwambia auyeyushe kwenye ndoo, azunguke bwawa lote, amwage.

Akakishika kiroba, akanusa. "Shemeji, hii haitawadhuru ng'ombe?"

"Wewe ulisomea wapi, shemeji?"

Akacheka, unaujua ule mcheko wake wa mabega. "Mimi nilisomea nyuma ya maksai. Mwalimu wangu alikuwa mkia."

"Basi msikilize aliyesomea mbele ya ubao. Mwaga."

Akaenda akamwaga. Watu wawili waliokuwa wakikata majani walimwona akizunguka na ndoo. Siku zilizofuata bwawa likawa safi, likang'aa hadi chini, na watu wakanisifu kwa sababu waliniona nimesimama pale ukingoni nikilitazama kama mwenye nalo. Ng'ombe waliokuwa wakisitasita wakanywa mpaka wakashiba. Siku hiyohiyo wakaanza kuanguka. Ng'ombe wa Mama Skola, mbuzi wa mwenyekiti, maksai wenu wawili. Bahati alipiga magoti kwanza, kama anayeomba, na Lazaro alikuwa ameshika pembe zake akimwita jina.

Ninachokieleza sasa ndicho nilichotakiwa kukieleza siku ile. Ile rangi ya kijani ni mwani, vijimea vidogo sana ambavyo huwezi kuona kimoja kimoja. Vingine vina sumu, lakini vikiwa hai hushikilia sehemu kubwa ya sumu hiyo ndani yake, na mnyama hukwepa kuyanywa maji yale kwa sababu ya harufu na utando. Mrututu huvipasua. Maji huonekana yamepona, kumbe sumu yote imetoka kwenye vifuko vyake na kuenea majini, na mnyama hana tena kitu cha kumwonya. Wewe ni mkulima, utanielewa nikisema hivi: mwili una matarishi wanaopeleka amri kwenye misuli. Tarishi wa kweli hubisha hodi, hutoa amri, huondoka, na msuli hupumzika. Sumu ile hujifanya tarishi. Hubisha hodi na haiondoki mlangoni. Msuli huamrishwa na kuamrishwa, hutetemeka, mwishowe huchoka kabisa, na misuli ya kifua ni misuli kama mingine. Ndiyo maana Bahati alikufa akiwa na akili zake, akimtazama mume wako.

Kwa hiyo walioua ni mwani na mrututu, na aliyeukutanisha mrututu na mwani ni mimi.

Mkutano ulifanyika uwanjani karibu na kanisa. Wewe hukuwepo, ulikuwa umempeleka Neema kwenye zahanati. Ulisimuliwa na watu, na kila mtu alisimulia lake. Mimi nakusimulia langu, kabla halijanitoka.

Mama Skola alisimama na kanga amejifunga kiunoni. "Sumu haina miguu! Haikwenda bwawani yenyewe! Nani alionekana na ndoo?"

Lazaro akasema bila woga, "Ni mimi, mama. Ulikuwa mrututu wa kusafishia maji. Nilitumwa na bwana mifugo."

Mwenyekiti akanigeukia. "Bwana mifugo, ulimtuma?"

Nimejaribu kukumbuka nilichokuwa nikifikiri. Nakumbuka jua. Nakumbuka kwamba ofisini walikuwa wameshaniandikia kunionya mara moja kwa jambo jingine. Nakumbuka kwamba maji yale yalikuwa safi kabisa, na katika kuchanganyikiwa kwangu nikajiuliza, je, kama Lazaro aliongeza kitu? Dawa ya kuogeshea ng'ombe, labda? Ndiyo, Ruth. Nilimfikiria hivyo mtu aliyepoteza maksai wake mwenyewe. Nikasema:

"Mimi sikumtuma mtu."

Watu wakaliamini neno la msomi, maana aliyeonekana na ndoo alikuwa yeye. Lazaro alinitazama. Nilitegemea atanitukana, na angenitukana nadhani ningekiri palepale. Badala yake akainamisha kichwa na kusema, "Haya, shemeji. Labda nimesahau."

Labda nimesahau. Leo mimi ndiye ninayesahau, na katika yote yanayonitoka, maneno hayo hayatoki.

Mengine unayajua kuliko mimi. Waliita nyumba yenu nyumba ya mtia sumu. Lazaro akaondoka kwenda Tunduma, akapanga chumba mtaa wa Chapwa, akawa anasukuma mkokoteni wa mizigo ya watu wanaovuka kwenda Zambia. Wewe hukumfuata. Kabla hujaamua, ulikuja kwangu, ukasimama mlangoni bila kuingia, ukasema, "Kaka, niambie mimi peke yangu. Ulimtuma?" Nami nikakuambia, "Rudi nyumbani ukalee watoto." Sikusema ndiyo wala hapana. Ukalichukua jibu hilo kuwa hapana, kwa sababu nilikuwa kaka yako na hukuwahi kunisikia nikidanganya. Alipofariki ulituma kitenge cha kumfunika, hukwenda mwenyewe. Siku ya mazishi ulikaa uani ukipepeta maharage, na huko Chapwa kaburini watu wakasema Ruth ana moyo mgumu. Nami nilikuwepo nikiwasikia, nikatikisa kichwa pamoja nao.

Moyo mgumu ulikuwa wangu. Wewe ulinyang'anywa mume na kaka yako, halafu kaka huyohuyo akaja kukufariji.

Sasa kuna jambo ambalo siwezi kulinyoosha, na nimelihangaikia tangu siku ya mbwa. Nilimwomba Anna anitolee sanduku langu la zamani. Ndani kuna daftari la chuo. Katika ukurasa mmoja, pembeni, nimeandika kwa mkono wangu: "Maji ya mwani yakitiwa mrututu, mifugo isinyweshwe hadi baada ya wiki kadhaa." Mwandiko ni wangu. Wino ni wa buluu. Lakini niliuandika lini? Siku nyingine naliona darasa, naiona chaki, namwona mwalimu akigonga ubao, nami nikinakili. Kama ni hivyo, basi nilifundishwa, na siku niliyompa Lazaro kiroba nilikuwa na jibu la swali lake kichwani, nikamjibu kwa dharau. Siku nyingine najiona nikiwa ofisini, miaka baada ya mkutano, nikisoma kijitabu fulani na kunakili mstari huo kwenye daftari la zamani kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Kama ni hivyo, sikujua siku ile. Picha zote mbili ziko wazi. Zote mbili zina harufu yake. Siwezi kujua ipi ni ya kweli na ipi nimejitengenezea.

Na kuna jambo la pili. Anna alinisomea kwenye simu yake kwamba ziko sumu nyingine za mwani ambazo haziui papo hapo. Inasemekana huingia kwenye ubongo wenyewe, polepole, kwa mtu au mnyama aliyekunywa maji hayo miaka mingi, zikadhuru kumbukumbu na mikono. Wataalamu bado wanabishana. Mimi nilikunywa maji ya bwawa lile tangu utoto, kama wewe. Nikafikiri: labda ndiyo iliyonipata. Labda bwawa limedai deni lake. Kisha nikashtuka, maana niliona raha kidogo moyoni. Nikaona nimeanza kuitafuta sumu iwe wakili wangu, iseme, "Mhurumieni, akili zake ziliharibiwa na maji." Hapana, Ruth. Siku ya mkutano akili zangu zilikuwa nzima kabisa. Na kama ubongo wangu huu umeharibiwa leo na maji au ni uzee tu, sijui, wala daktari hajui.

Hata lile swali la daftari nimeona ni kichaka. Najificha humo nikihesabu majani. Mstari uliandikwa lini, sijui. Ila kuna jambo moja nililolijua siku ile bila daftari lolote: nilimtuma.

Nilimtuma Lazaro. Mrututu ulitoka kwenye ghala langu. Aliniuliza kama utadhuru, nikamcheka.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Usiisome barua hii peke yako ukaificha kwa kunionea aibu. Ipeleke kwa mchungaji aisome mbele ya watu baada ya ibada. Mtu akisema mzee Eliya amechanganyikiwa, Anna ameandika kwenye karatasi yake aliyoiambatanisha kwamba nimeyasema haya haya siku tano mfululizo bila kubadilisha neno. Kisha uende Chapwa. Kaburi lake halina jina, kwa sababu nilipoulizwa tuandike nini nilisema tuache kwanza. Liandikwe jina lake. Ukifika pale, sijui utamwambia nini. Hilo si langu kukufundisha.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Mtu akiomba msamaha akikaribia kufa hulazimisha asamehewe.

Nisalimie Neema na mumewe huko Itumba, na wajukuu wote ambao majina yao nayachanganya. Msalimie mchungaji. Mama Skola kama bado yupo, mwambie ng'ombe wake waliuawa na elimu yangu, wala si na mume wako, na kwamba siku ile aliuliza swali sahihi kwa mtu asiye sahihi. Anna anakusalimu huku akilia.

Jambo moja la mwisho, na ndilo linalonitisha kuliko yote. Ukipata barua hii utapiga simu. Huenda utanikuta katika saa mbaya. Utaniuliza, "Kaka, ulimtuma?" na huenda nikakujibu, kwa sauti ile ile ya mkutanoni, "Mimi sikumtuma mtu." Ukilisikia neno hilo usilipokee. Ulishalipokea mara moja likakugharimu nyumba. Kata simu, ufungue karatasi hii, usome.

Mimi ni mkubwa kwako, na maisha yote wewe ndiye uliyenishikia miguu. Leo naanza mimi.

Shikamoo, Ruth.

Kaka yako,
Eliya